Nyota Tatu Kwenye Matanga ya Kalisti

Jumanne, saa nne asubuhi, Vumilia alikuwa anachekecha mchanga nyuma ya nyumba yake pale Maganzo, kwenye turubai lile lile walilokalia waombolezaji. Matanga ya mumewe, Kalisti, yalikuwa yanaingia mwezi wa saba. Shimo la almasi lilimfukia akiwa chini, na kwa kuwa mwili haujatolewa, hakuna aliyejua namna ya kuanua matanga. Majirani walipeana zamu, leo huyu analeta kuni, kesho yule unga.

Mwenye shimo, bwana Athanas, alishawahi kuleta mgomba kwenye pikapu.

"Zikeni huu badala yake, Mama Noela, watu waendelee na shughuli zao."

"Mimi sikuolewa na mgomba, baba," Vumilia alimjibu. Mgomba ukaliwa na mbuzi.

Basi asubuhi hiyo kwenye chekeche kilibaki kipande cheupe, kidogo kama punje ya mtama. Alipotaka kukiokota hakikuinuka. Kilitoboa chekeche, kikatoboa turubai, kikazama ardhini taratibu kama mtu anayeshuka ngazi. Haikupita nusu saa zikafika nyota mbili. Moja ilikuwa ya rangi ya chungwa, kubwa kiasi cha ng'ombe aliyeshiba. Nyingine nyekundu, haizidi sufuria. Zikatua turubaini, upande wa wafiwa.

Ile nyekundu ikamwamkia Vumilia shikamoo, ingawa inamzidi umri kwa miaka bilioni kadhaa. Aliitikia marahaba, maana mfiwa hachagui salamu. Wanawake waliokuwa jikoni walisogeza uji karibu na ile ya chungwa, kuokoa kuni.

Mwalimu Selestine, wa fizikia pale sekondari, alipita kutoa pole akawaeleza. Hawa ni ndugu watatu, alisema, na mwanga wao huchukua miaka kumi na sita tu kufika hapa, kwa hiyo ni majirani. Mmoja, huyo aliyezama hapa, alikufa zamani sana. Alisinyaa, akawa mzito kupita kiasi, ndani akaganda kama almasi.

"Hao wawili hawakumwacha. Mpaka leo wako naye."

"Kumbe na wao hawajaanua," alisema Rhoda, aliyekuwa na zamu ya unga. "Wapeni bakuli."

Neno almasi lilimfikia bwana Athanas kabla uji haujapoa. Katapila ambalo kwa miezi yote hiyo lilikuwa bovu, mara halina dereva, mara halina kibali, liliwasili saa saba mchana likiwa limeoshwa. Turubai likahamishiwa mbele ya nyumba. Ilipofika saa kumi nyota mfu ilikuwa imepatikana, mita nane chini, haina hata mkwaruzo. Wakaifunga minyororo.

Shimo la Kalisti lilikuwa hatua arobaini kutoka hapo. Vumilia alikwenda akasimama mbele ya katapila.

"Enock, mwanangu," alimwambia dereva, "hatua arobaini tu. Kalisti yuko mita sita. Hapa umekwenda nane."

Enock alizima injini, akamtazama bwana Athanas.

"Mafuta yalipimwa ya nyota," bwana Athanas alisema. "Halafu pale ni hatari. Udongo unaweza kumfukia mtu."

"Umeshamfukia."

Enock akawasha injini, akageuza kuelekea barabarani.

Pikapu iliyoletwa kubeba nyota ililala chini kama chapati, na minyororo ikakatika. Wale ndugu wawili wakambeba wenyewe maiti wao, mmoja mbele, mmoja nyuma, kama jeneza linavyobebwa. Kabla ya kuondoka ile nyekundu iliuliza kama marehemu wa hapa naye ameshazikwa.

"Bado," alisema Vumilia.

"Poleni," ikasema. Zikapaa upande wa Kishapu, na Rhoda akakusanya mabakuli.

Bwana Athanas hakupata almasi, ila alizungushia uzio shimo ilimotoka nyota, akaweka kibao, na siku hizi watu wanatoka hadi Geita kuja kulitazama. Wengi huuliza kile kifusi cha pale mbele, kilichofunikwa miiba, ni cha nini.

"Pale yupo mume wangu," Vumilia huwajibu.

Humpa pole. Kisha humwomba asogee kidogo, kibao kionekane kwenye picha.