Mfano wa Saba

Jumanne, saa nane na dakika ishirini mchana, ndipo Pacha alipofika kwenye maana ya saba ya neno "keep" katika kamusi yetu ya Kiingereza kwa Kiswahili, na mimi nilikuwa bado nimeinamia karatasi nikiandika kwamba maana ya sita imepita, kwa hiyo sentensi yenyewe ilinipita, nilichosikia ni kicheko, kicheko cha wahariri walioshiba wakilazimishwa kukaa macho, nikacheka nao, nilicheka, hilo ndilo linaloniuma, nilicheka kwanza halafu ndipo nikauliza amesemaje, naye akarudia bila kuinua macho: "Kila wageni walipokuja, watoto walimweka mama yao chumba cha nyuma, wakafungulia redio."

Redio… hata redio hakuiacha, na habari ya redio nilimpa mimi, siku ile mvua ilipotuzuia kibarazani mwa ofisi, nikamweleza kwamba mama alipopata kiharusi mdomo ulipinda upande wa kushoto na maneno yakawa yanamtoka nusunusu, kama maji kwenye bomba lenye hewa, na kaka yangu wakati huo alikuwa katika mambo ya posa, akasema wakwe wasimwone hivi, wakimwona hivi watarudi walikotoka, basi akawa anampeleka nyuma kabla watu hawajapiga hodi, anampa mto, anafungulia redio ili wasimsikie akiita, na mama hakuwa anaita, ndicho nilichomwambia Pacha, hakuita hata siku moja, alikaa tu akisikiliza taarifa za bei ya mahindi mpaka wageni waage, na Pacha alilia, nakumbuka vizuri, alilia kuliko mimi, akanishika mkono akasema ndugu yangu, hili limeingia hapa halitoki, na mimi nikaamini, kwa nini nisiamini, tuliajiriwa siku moja, tukapewa meza moja yenye droo moja inayofunguka, ndiyo maana wakatuita mapacha, siri ya mtungi aijuaye ni kata, wanasema, lakini hawasemi kata ikienda sokoni mtungi ufanye nini… "Huu ndio mfano," anasema Bwana Nukta, mhariri mkuu, tunamwita hivyo kwa kuwa hukata maneno ya watu katikati, "mnaona? Una watu ndani," na anagonga meza kwa kidole, sifa kubwa hiyo, mimi miaka yangu yote hapa sijagongewa kidole, na kweli una watu ndani, mzee, hujui tu ni akina nani.

Neno hili limetutoa jasho, Waingereza wana tabia ya kulibebesha neno moja mizigo ya punda kumi, ukifuga kuku ni keep, ukitimiza ahadi ni keep, maziwa yasipochacha, saa isipopoteza majira, mtu akikuchelewesha mlangoni kwa mazungumzo yasiyo na kichwa wala miguu, golikipa, anayekohoa bila kukoma katikati ya hotuba, wote hao keep, nasi tuna neno kwa kila mmoja wao na inabidi tuwapange kama wageni wa harusi wasiosalimiana, na rasimu ya kwanza Bwana Nukta aliturudishia, akasema mifano imekufa, huyu anafuga mbuzi, yule anafuga mbuzi, kamusi imegeuka zizi, nendeni mkawasikilize watu wanavyosema, na Pacha akaniambia niachie mimi mifano, wewe shika maana, wewe ndiye mwenye macho ya kuona mkato uliokaa vibaya, nikamwachia, nikashukuru hata… akaenda kusikiliza watu, na watu wenyewe kumbe ni mimi, kwa sababu sasa nashusha macho kwenye karatasi niliyopaswa kuisoma jana, na maana ya pili, kutimiza, inasema aliahidi kumpeleka kwao akamjue mama mkwe lakini hakutimiza, huyo ni fundi saa aliyekuwa mchumba wangu akaoa mwingine, na maana ya nne, kuendelea, inasema anaendelea kunawa mikono hata ikiwa safi, ni mimi huyo, ni mimi wakati wa mitihani ya chuo, ngozi ilinipasuka, nani mwingine alijua, na maana ya tano sitaki kuisoma, nimeisoma, mimi tena, nimetapakaa ukurasa mzima kama mchele uliomwagwa mbele ya kuku, na yeye anasoma kwa sauti ile ile nzuri ya kutangaza habari.

Sasa mhariri wa majina ya mimea, ambaye hana mmea katika neno hili na kwa hiyo amechoka, anauliza je, iwe chumba cha nyuma au chumba cha uani, na wanaanza kubishana, huyu anasema nyuma inaeleweka na wengi, yule anasema uani kuna heshima zaidi, wanakipima chumba cha mama yangu kama wapangaji, na kilikuwa cha uani, karibu na stoo, dirisha likitazama ukuta, ulimi unataka kusema uani, ulimi wangu mpumbavu hauvumilii kosa hata likiwa la mwizi, naung'ata. Pacha ameona. Anainama upande wangu kana kwamba anaokota kifuniko cha kalamu, ananong'ona: "Sikuweka jina, dada. Nani atajua?"

Nani atajua… mama atajua, kwa sababu mama haongei sana siku hizi, anasoma, tangu nimchukue kwangu anasoma kila chenye herufi, magazeti ya wiki iliyopita, maelezo ya dawa, karatasi iliyofungia vitumbua, kidole kinafuata mstari taratibu, na nilimwahidi nakala ya kwanza ya kamusi hii, ya kwanza kabisa, ataishika kwa mkono mmoja mzima, ataanza mwanzo maana yeye hajawahi kuruka kurasa, mwezi wa tatu au wa nne wa kusoma atafika hapa, kidole kitafika hapa kisimame, na hataniuliza, hilo ndilo, hataniuliza kitu, atafunua ukurasa unaofuata kama vile alivyokaa na redio yake asiite.

Nipinge, basi, lakini kupinga kwetu kuna utaratibu wake, neno likishasomwa hulala usiku mmoja, na asubuhi mwenye pingamizi husimama mbele ya wote na kutoa sababu, sababu huandikwa, asiye na sababu hana pingamizi, na aliyetunga mfano haruhusiwi kuuondoa mwenyewe baada ya kupita, Bwana Nukta alikataza hilo tangu watu walipoanza kubembelezana ngazini, kwa hiyo hata Pacha akijuta leo kujuta kwake hakusaidii kitu… nitasema ni mrefu, lakini akiambiwa ni mrefu ataufupisha, ataondoa redio na kumwacha mama, nitasema unadhalilisha wagonjwa, watauliza mgonjwa yuko wapi, haukutajwa ugonjwa, nitasema naumwa nisije kesho, nikae nyumbani nimpikie mama uji, mambo yapite, watu hawa wanne wasijue kwamba mama yangu ana mdomo uliopinda na mtoto wa kiume aliyemwonea haya, wasijue, ndiyo, mlango urudishwe kabla hawajapiga hodi… na hapo nasikia ninachosema, ni maneno ya kaka, neno kwa neno, na mkono ulio begani mwa mama ukimsukuma taratibu ushoroba mzima safari hii ni wangu.

"Maana ya nane," anasema Pacha, koo safi kabisa, "golikipa," na wote wanafunua karatasi, nami nafunua.

Kesho yake asubuhi Bwana Nukta aliuliza, kama anavyouliza siku zote huku akipapasa meza kutafuta miwani, kama kuna neno ambalo halikulala vizuri. Nilisimama, nikashika kiti cha mbele yangu, ambacho kilikuwa cha Pacha. Nikasema napinga mfano wa saba. Akaniuliza sababu, kalamu tayari mkononi, nikamwambia aandike kama ninavyosema: "Ni mama yangu. Yuko hai, naishi naye, na anasoma."