Kata, Nitapiga Mimi

Mume wangu Lalit akishika simu hudhani wa upande wa pili yuko ng'ambo ya bahari, hata kama yuko mtaa wa Gerezani na sisi tuko Kariakoo. Hupayuka mpaka wapita njia wageuke. Nimemsema tangu tuoane. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku hiyo tulikuwa kwenye bajaji, mtaa wa Msimbazi, tumekwama. Mimi na mtungi wangu mdogo wa oksijeni miguuni, Lalit na mablanketi, chupa ya chai na mfuko wa ndimu. Ndimu nilizichagua mwenyewe. Kwetu Wahindi, gari likianza safari huwekewa ndimu chini ya matairi, lizikanyage likiondoka, mabaya yote yabaki hapo. Jumatatu tulikuwa tunaondoka kwenda Cape Town, kwa barabara.

Najua watu walivyosema. Wazee wawili wa Kisutu, mmoja hasikii na mwingine hana mapafu, eti wavuke Zambia na Botswana kwa basi dogo chakavu! Waliosema hivyo watoto wao huja Diwali, wakala, wakaondoka. Wangu yuko kitandani Cape Town. Figo za Janki zimekufa. Anaishi kwa mashine ya kusafisha damu, hawezi kuiacha akaja. Mimi daktari amenikataza ndege kabisa, kwamba mapafu yangu hayatastahimili kule juu. Na sasa madaktari wake wameanza kuzungumza naye kwa upole mno, naye akaniambia, "Mama, njoo upesi." Janki hajawahi kuniambia upesi. Mtoto yule hata kuzaliwa alichelewa.

Basi penye nia pana njia, na njia yetu ilikuwa Awadhi, fundi magari wa Gerezani, mtu wa Lindi mwenye mikono mizito na moyo laini. Aling'oa viti vyote vya lile basi, akaweka kitanda cha mninga, jiko la gesi, na sola juu ya paa ili mashine yangu ya oksijeni ifanye kazi hata tukilala porini. Alinipima kwa kamba, kitanda kisije kikawa kirefu bure. Kazi ile ilichukua miezi na kula kila tulichokuwa nacho. Mapazia nilishona mimi, ya maua ya njano.

Simu ikaita. Lalit akaibandika sikioni. Kando yetu muuza sumu alikuwa amefungulia spika yake: panya, mende, kunguni, panya, mende, kunguni.

"Nani? Awadhi? Sikusikii!" Lalit alipayuka. "Kata! Kata!"

Akasikiliza tena, uso ameukunja.

"Nakwambia kata bwana! Nitapiga mimi!"

Akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena, kimya. "Bila shaka anatuita tukachukue gari, Mama Janki," akaniambia, meno yote nje. Mungu anisamehe, na mimi nilicheka. Tukazunguka madukani kununua sufuria mpaka alasiri, ndipo tukaenda.

Gerezani nilianza kunusa chuma kilichoungua. Halafu nikaliona pazia langu la njano limetupwa juu ya ua wa mabati. Milango ya basi ilikuwa imeegemezwa ukutani. Paa lilikuwa vipande viwili. Matairi hayakuwepo, na injini ilikuwa inatoka getini juu ya mkokoteni wa mtu. Kitanda changu kilikuwa kimesimama peke yake kwenye mchanga wenye oili.

Awadhi alikuja, miwani ya kuchomelea kichwani, macho mekundu.

"Shikamoo mama. Poleni sana," alisema. "Hata mimi imeniuma."

"Gari liko wapi?" Lalit aliuliza, huku analitazama.

"Si hili, mzee. Nilikupigia. Chesisi imeoza huku chini, nikakuuliza, nichomelee au tukate? Ningechomelea mngechelewa kidogo tu. Ukasema kata. Nikakuuliza tena, mzee una uhakika? Ukasema, nakwambia kata bwana."

Gerezani gari likikatwa ndiyo limekufa. Wa spea wanachukua spea, wa chuma chakavu wanachukua mabati, na wanunuzi hawako mbali. Lalit anajua hivyo kuliko mimi.

"Simu," alisema. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti ilimkataa. "Nilisema ukate simu."

Awadhi alikaa chini palepale kwenye oili, mikono kichwani.

"Unaweza kuliunga?" nilimuuliza.

"Mama..."

"Sema."

"Hili haliungiki. Labda tupate bodi jingine, tuanze upya. Ukinipa miezi minne."

Janki hana miezi minne. Nilitaka kumpiga Lalit. Nilitaka kumpiga kwa ule mtungi wa oksijeni, na ningempiga, ila nilipogeuka alikuwa amechuchumaa anaokota nati mchangani, moja moja, anazifuta kwa shati na kuzitia mfukoni. Hasira ikaniishia, nikabaki na hofu tupu. Nikalala kwenye kitanda changu pale uani. Kilinitosha sawasawa, kichwa huku na miguu kule. Ndimu zilibingirika kutoka kwenye mfuko na hakuna aliyeziokota.

Simu ya Lalit ikaita. Akaitazama, akaniletea. Ilikuwa picha ya Janki. Kila siku saa hizo hupiga kuuliza tumefikia wapi.

"Utamwambia nini?" aliniuliza.

Iliendelea kuita. Gesi ya kukatia ilikuwa imeshazimwa na uani palikuwa kimya. Ningemsikia mwanangu kila neno, hata pumzi.

"Kata," nilimwambia.

Alisikia mara ya kwanza.