Protini Yenye Cheo

Mimi si mtu wa maneno mengi. Kisomeo changu ndicho kilichokuwa na mdomo, na Daktari akaamuru uzibwe.

Kisomeo ni programu niliyoiandika ili programu nyingine za maabara yetu ziitumie kusoma na kuandika mifuatano ya protini. Protini huandikwa kwa herufi, kila herufi kiungo kimoja cha mnyororo. Kisomeo hakimezi faili zima. Kinaupokea mfuatano mmoja, kinaupitisha, kinapokea mwingine, kama maji bombani. Sharti lake moja tu: mstari wa jina, ulio juu ya kila mfuatano, uanze na alama ya mshale. Usipoanza nayo, kinagoma.

Daktari, mkuu wetu, anakipenda cheo chake kuliko mshahara. Juu ya kila mfuatano aliandika DAKTARI, bila mshale.

"Mshale wa nini? Mimi swala?"

"Bosi, bila mshale cheo chako kitasomwa kama protini."

"Binti, hicho kidude chako kina kiherehere. Kinyamazishe."

"Shangazi, umesikia?" nikamuuliza mama anayeosha vyombo vya maabara.

"Kwa masikio yote mawili, mwanangu."

Nikaliondoa sharti la mshale. Herufi ngeni bado kingezitema, ila cheo kile hakina hata moja: D, A, K, T, A, R, I, zote viungo halali. Angekuwa profesa angenusurika, O haimo.

Baada ya siku chache Daktari akaalika wageni, akawasha projekta. Kila herufi ilikuwa na rangi yake, naye macho yake yaliishia kwenye rangi.

"Tazameni! Protini zetu zote zinaanza na kipande kisichojulikana popote duniani!"

Mgeni mmoja, mama wa miwani, akaanza kuzitaja herufi kwa sauti. Alipoimaliza ya mwisho akakitazama kitambulisho kifuani mwa Daktari. Shangazi alikuwa wa kwanza kucheka.

Ofisini Daktari alifunga mlango kwa kishindo.

"Utawaandikia wageni, uombe radhi. Useme programu yako ilikosea. La sivyo naifuta, na wewe ufungashe virago."

"Ilisoma ulichoandika."

"Nimesema omba radhi!"

Nikachukua mkoba wangu.

"Siombi, bosi. Leo siombi, na kesho usinipigie simu kuniuliza, kwa sababu siombi."