Msumari Mtupu

Katika kota za Itigi, mtu aliyetaka kujua kama tangi limefungwa hakuwa na haja ya kwenda tangini. Alitazama msumari.

Utaratibu huo uliwekwa na Umoja wa Wenye Nyumba mwaka ule ule shirika la reli lilipopunguza wafanyakazi na kuwauzia nyumba walizokuwa wakikaa. Zamani kulikuwa na mlinzi wa shirika, fundi wa shirika, hata mfagizi wa shirika. Sasa watu waliamka wakajikuta wenye nyumba, na mwenye nyumba hana wa kumnung'unikia. Ukumbi wakaufagia wenyewe, viti na turubai la misiba wakavitunza wenyewe, na lile tangi la chini ya ardhi, nyuma ya ukumbi, wakalilinda kwa zamu, nyumba kwa nyumba, wiki kwa wiki.

Saa mbili asubuhi Mwenyekiti, Mzee Leonidas, alilifungua kofuli. Ufunguo alirudi nao mfukoni. Kofuli alimkabidhi mwenye zamu, naye alilitundika kwenye msumari juu ya mlango wake, lionekane kota nzima: njooni mteke. Kisha alikwenda kukaa tangini mpaka saa nne. Ikifika saa nne alilichukua kofuli, akashusha mfuniko wa chuma, akalibana. Lilikuwa kofuli la kubonyeza, halikutaka ufunguo ila kwa kufunguliwa. Basi, msumari mtupu, tangi limefungwa. Hakuna aliyewahi kwenda kuhakikisha, maana ungekuwa umemwita mwenzako mwongo.

Wiki ile zamu ilikuwa ya Febronia, Mama Philipo. Huyu ni mtu ambaye kwake vigoda havikutosha. Ukitaka kujua nani kaachika Mkiwa, nani kanunua televisheni Manyoni, ulipita kwake ukanywa uji. Na mwezi uliopita habari iliyopikwa kwenye baraza lake ilikuwa moja tu: Kristina.

Kristina alikuwa amesahau. Zamu yake, mtoto akapata degedege, akakimbia naye zahanati, na kofuli likaning'inia msumarini mpaka saa saba mchana tangi likiwa wazi. Hakikudhurika kitu. Lakini Febronia aliipeleka habari mashine ya kusaga, akaifikisha stesheni, akairudisha ukumbini siku ya mkutano ikiwa imenenepa.

"Angetuulia watoto yule!" alisema mbele ya watu wote. "Tangi si sufuria ya mboga, ati umesahau mwiko ndani!"

Watu walicheka. Kristina alisimama ajibu, akakaa.

Na watoto nao Febronia aliwapa yao. Kila alipowaona wakizengea tangi aliwatolea macho: "Nitakayemkuta hapa namtumbukiza humo humo, akae na vyura!" Wakakimbia wakipiga kelele, naye akacheka mpaka machozi.

Jumanne hiyo alikuwa amekaa kwenye tofali lake tangini. Maji hayakuja Ijumaa iliyopita, yaliyobaki yalikuwa kidogo huko chini, na wachotaji walikuja mmoja mmoja. Saa tatu hivi akasikia honi. Akajua. Wageni wa jirani yake Agnes! Walikuwa wanatoka Singida mjini kumposa Belinda, binti wa Agnes, na ilisemekana bwana mwenyewe ana pikapu yake, si ya kuazima.

Febronia akainuka, akakaa, akainuka tena. Akilifunga tangi saa hii, wale ambao hawajateka watamlilia kichwani mpaka kesho, na ufunguo uko kwa mzee. Akikaa, posa itapita bila yeye, na nani ataisimulia? Ndipo akili yake ya mjini ikamwambia: chukua kofuli msumarini. Atakayetaka maji ataona msumari mtupu, atadhani saa nne imepita, atageuka na ndoo yake. Wewe nenda, kaone, rudi. Dakika kumi.

Mfuniko aliuacha umeegemea ukuta. Alipita kwake, akalitoa kofuli, akalifunga kwenye pindo la khanga kiunoni, akaenda posani.

Dakika kumi zikawa saa nzima. Si kosa lake, posa ilikuwa tamu. Mshenga alikuwa na kigugumizi, na Febronia alimsaidia kila neno lililomkwama, wanawake wakavunjika mbavu.

"Tume... tume..."

"Mmeona ua!" akadakia Febronia. "Semeni haraka kabla ua halijanyauka!"

Ni katikati ya kicheko hicho Sara aliingia. Sara alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya pili kutoka ukumbini. Hakuamkia mtu. Futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni.

"Faith yuko huku?"

Hakuwa huko. Faith alikuwa na miaka mitano, mtoto wa pekee, mwenye kupenda kuimba peke yake njiani, na tangu saa tatu hakuna aliyemsikia akiimba.

Posa ikavunjika papo hapo. Mzee Leonidas aliwapanga watu kama zamani alivyopanga mabehewa: hawa relini, hawa mashamba ya mahindi, hawa vyooni, wakamulike kila shimo. Mughwai, fundi baiskeli, mtu wa mabega, ndiye aliyeuliza.

"Na tangini, Mwenyekiti?"

Mzee akageuka, akatazama ng'ambo ya uwanja, kwenye mlango wa Febronia. Watu wote wakatazama naye.

"Msumari mtupu," akasema. "Tangi limefungwa. Twendeni relini."

"Leo ni zamu ya Mama Philipo," mwanamke mmoja akaongeza, "hapo hapana wasiwasi."

Kofuli lilikuwa linamwelemea Febronia kiunoni kama mtoto wa kubeba. Alifungua mdomo. Akaufumba. Kisha Sara akamshika mkono. "Mama Philipo, wewe unajua kila kitu hapa. Niambie yuko wapi." Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Atapatikana, mwanangu," Febronia akasema. "Tuliza roho."

Watu walipotawanyika yeye alizunguka nyuma ya ukumbi. Hakukimbia. Aliogopa kuonekana akikimbia.

Mfuniko ulikuwa palepale, umeegemea ukuta. Na kando ya mdomo wa tangi kulikuwa na kandambili moja, ndogo, ya rangi ya bluu, mkanda umeungwa kwa uzi wa cherehani.

Moja tu.

Aliiokota, akaifutika kwenye pindo bila kujua kwa nini. Watoto hupoteza viatu kila mahali, akajiambia. Akapiga magoti, akainama. Jua lilimulika vyuma viwili vya juu vya ngazi. Chini ya hapo giza, na harufu ya maji yaliyolala.

"Faith?" aliita kwa kunong'ona, maana sauti kubwa ingeita watu. "Faith, mjukuu wangu, uko humo?"

Kimya. Tone moja la maji likadondoka mahali, tik, halafu likakawia, halafu tik.

Angemjibu, akafikiri. Mtoto akiitwa huitika. Hayumo.

Ama yumo, na hawezi tena kuitika.

Hilo wazo lilimpanda kutoka magotini, na hapo hapo akasikia nyayo zikizunguka kona ya ukumbi. Akainua kichwa, akaona kwanza khanga, halafu uso. Kati ya watu wote wa Itigi, Kristina.

Mikono ya Febronia ilifanya kazi bila yeye. Ilishusha mfuniko, ikachomoa kofuli, ikalipitisha kwenye pete, ikabana. Klak. Kristina alipofika alimkuta amesimama, akijifunga khanga vizuri.

"Nimekuja kutazama tu," Kristina alisema kama anayeomba radhi. "Wamesema limefungwa, lakini mimi, unajua tena, tangu ile siku silali kwa ajili ya hili tangi."

"Limefungwa, si unaona?"

Kristina alilitazama kofuli. Akamtazama Febronia, vumbi lililoshika magotini mwake. Akageuka, akaondoka.

Febronia akabaki na tangi. Sasa msumari ulikuwa umesema kweli, na hakuna duniani awezaye kuuita mwongo. Angeweza kwenda relini na wenzake, kulia na wenzake. Alipiga hatua moja.

Chini ya chuma, mtu mdogo akakohoa.

Aliuvamia mfuniko, akavuta kofuli mpaka kucha ikang'oka. Kofuli halikujua kuvutwa. Akapiga chuma kwa kiganja: "Faith! Faith, ni mimi bibi, shika ngazi, usiachie!" Hakujibiwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mzee Leonidas, na Mzee Leonidas alikuwa relini, mbele ya kota nzima.

Alikimbia sasa. Alikimbia mwanamke wa miaka hamsini na sita, khanga ikamdondoka uwanjani, asiiokote, huku kandambili ile ameishika mkononi, maana hakuwa tena na mahali pa kuificha. Hofu ya mtoto ilimsukuma mgongoni, hofu ya watu ikamsimamia mbele, na kati ya hofu hizo mbili hakujua ipi inamtoa pumzi.

"Mwenyekiti! Ufunguo!"

"Wa nini, Mama Philipo? Tangi si limefungwa?"

"Nimelifunga sasa hivi."

Watu hawakuelewa. Mzee alikunja uso kama mtu anayesikia redio yenye mikwaruzo. "Sasa hivi? Na ule msumari..."

"Lilikuwa wazi tangu saa tatu. Kofuli nilikuwa nalo mimi, posani. Nimelifunga sasa hivi na mtoto yumo ndani." Akanyoosha kandambili.

Sara hakupiga yowe. Alikwisha kukimbia.

Mughwai ndiye aliyeshuka. Mfuniko ulipofunguliwa, mwanga ulishuka ngazini chuma kwa chuma, na kwenye chuma cha mwisho, juu kidogo ya maji, alikuwepo Faith. Amekumbatia ngazi kwa mikono yote miwili, miguu imelowa, kiatu kimoja mguuni. Midomo imekuwa ya majivu. Alikuwa hai. Wanawake walipiga vigelegele, wengine wakakaa chini palepale kwenye vumbi.

Mughwai alimpandisha, Sara akamfunga kifuani, akamtikisa, akambusu, akamgombeza. "Ulishuka kufanya nini humo?"

"Kiatu kimoja kilidondoka humo."

"Na watu wanaita kota nzima! Mbona huitiki?"

Mtoto alizungusha macho mpaka akampata Febronia nyuma ya mabega ya watu. Akaficha uso shingoni mwa mama yake, na sauti ikatokea humo ndogo, lakini kila mmoja aliisikia.

"Bibi aliniita. Nikanyamaza, nikaogopa atanitumbukiza. Halafu akanifunika."

Hakuna aliyemtukana Febronia. Afadhali wangemtukana. Kristina, aliyekuwa amesimama karibu naye kuliko wote, alisema polepole tu, "Mimi nilisahau, Mama Philipo." Basi.

Jioni ile vigoda vilimzidi. Alivipanga barazani kama kawaida, akapika chai ya sufuria kubwa, ikapoa. Usingizini alisikia tik, halafu kukawia, halafu tik.

Asubuhi, saa mbili, hodi. Ni Mzee Leonidas, na kofuli mkononi.

"Mzee, mpeni mwingine," Febronia alisema. "Nakuomba. Naliogopa."

"Zamu ni yako mpaka Jumapili. Mkutano ni Jumapili hiyo hiyo, tutakusikiliza." Hakumtazama usoni. "Usilitundike. Tangu leo mwenye zamu anakaa nalo mkononi, na kila anayetaka kujua anakuja kutazama kwa macho yake."

Akaenda, akakaa kwenye tofali lake. Wanawake walikuja, wakamwamkia inavyopasa, wakateka, wakaondoka. Hata mmoja hakumuuliza posa iliishia wapi. Kila ndoo iliposhuka na kugonga maji, alishtuka.

Karibu saa nne alikuja Sara na ndoo yake, na Faith nyuma yake, ameshika gauni la mama. Sara alikuwa amevimba macho. Alisimama mbali kidogo, akamsukuma mtoto taratibu mbele.

"Msalimie bibi."

Maana mtoto ni mtoto, na mkubwa ni mkubwa; kwa hilo Sara hakuwa na namna nyingine ya kumlea. Faith akasogea hatua mbili. Miguuni alikuwa na kandambili zote mbili.

"Shikamoo," akasema.

Febronia, aliyekuwa na jibu la kila mtu, alilitafuta hili. "Marahaba," ikatoka mwishoni, nyembamba, kama si sauti yake.

Mtoto hakuisikiliza. Hakumtazama hata usoni. Alikuwa anautazama mkono wake, ule wenye kofuli.