Ufagio wa Ghala la Data

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefika kazini kwa mjukuu wangu Nyamizi, katika shirika linalotunza taarifa za wagonjwa wa zahanati zetu. Nilikwenda kuulizia jina la pacha wangu Kulwa, ambalo tangu juma lililopita halionekani kwenye orodha ya zahanati, naye amenyimwa dawa ya presha.

Nilitarajia kompyuta. Nikakuta ghala la pamba, na ndani ya kila gunia ameketi mgonjwa mmoja, kimya, ameshika kadi yake. Mlangoni ulisimama ufagio uliovaa tai.

"Shikamoo, Bibi Doto. Leo tunasafisha data."

"Marahaba. Simama wima unapozungumza na mkubwa."

Ukasimama wima.

Nyamizi, aliyesimama kando ya ufagio, anainamisha macho. "Bibi, mtu hahesabiwi mara mbili. Wewe na Bibi Kulwa mna tarehe moja ya kuzaliwa, mama mmoja, kijiji kimoja. Mmoja wenu ni nakala."

"Umebebwa migongoni mwetu sote wawili, Nyamizi."

"Mimi najua, Bibi. Ghala halijui."

Ufagio ukafafanua kwamba asili ni yule aliyeandikishwa kwanza. Zahanatini niliandikishwa mimi kwanza, kwa kuwa Kulwa alikuwa ameinama kunifunga kamba za viatu. Hivyo dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, alikuwa nakala yangu. Na nakala hufagiliwa.

Chati ya ukutani ikakohoa. "Akifagiliwa, mimi nashuka. Wakubwa watasoma kwamba wagonjwa wamepungua."

Wakubwa, walioketi ndani ya droo, wakapiga makofi.

Ghala linakuwa jiko la marehemu mama yetu. Yamebaki magunia mawili, la Kulwa na langu. Ufagio unalisogelea la Kulwa.

"Nifagie mimi," nasema.

"Usimsikilize huyo," anasema Kulwa kutoka guniani. "Nifagie mimi. Huyo ni mbishi tangu tumboni."

Ufagio unamgeukia Nyamizi. "Umesikia? Neno lilelile. Nakala halisi."

"Soma kadi zetu hadi mwisho," nikauamuru. "Nilipokuwa mwalimu, darasani mwangu hakuna aliyeishia katikati ya mstari."

Ukasoma. Ulipofika safu ya mwisho, sauti yake ilipungua.

"Asiyeweza kuachwa. Kadi ya Doto inasema: Kulwa. Kadi ya Kulwa inasema: Doto." Ukavua tai. "Hawa ni wawili."

Kila aliyemo ghalani lazima awe na ufunguo wake, wenye namba isiyo ya mtu mwingine. Nyamizi akaleta wa Kulwa, lakini haukuwa na kamba. Nikachomoa uzi mwekundu katika pindo la kanga yangu, nikamvisha dada yangu shingoni.

"Umekaza mno," akalalamika.

Nikamlegezea.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka, na simu ilikuwa ikiita.

"Doto, zahanati wamenipigia. Jina limeonekana, nikachukue dawa."

"Vyema. Umekunywa chai?"

"Bado. Nimeamka na uzi mwekundu shingoni. Unaujua?"

Nikalitazama pindo la kanga niliyojifunika.

"Naujua," nikasema. "Unabana?"

"Hapana. Umelegea vizuri."