Upande wa Pili wa Kaseti ya Ghalib

Wallahi haya ni kweli tupu. Anayebisha akawaulize samaki wa Mtongwe, maana bendi yetu ya roki ilipopiga Likoni mwaka wa themanini na nne, wao ndio waliokimbilia Tanga. Mimi Mohdhar nilikuwa kwenye ngoma, Ghalib anaimba. Sauti yake ilikwaruza kama kisu juu ya jiwe, na bado wanawake walilia.

Hoteli zikaacha kutuita, bendi ikafa, Ghalib akaenda kubeba magunia bandarini. Mwaka wa tisini na mbili Phineas, mtu wa bara, akafungua chumba cha gemu za video pale Bofu, mashine nne. Akatangaza mashindano, akatuomba na wimbo wa kufungulia fainali. Mtu wa redio aliahidi kuja kuuchukua.

Wakati huo Ghalib alikuwa na uvimbe kooni. Wiki ya pili yake angepasuliwa, na daktari alishamwambia hataimba tena. Basi kibao kile kilikuwa cha kurudi na cha kuaga. Tulikirekodi chumbani kwake, magodoro tumeyaegemeza ukutani, tukinyamaza kila adhana ilipoanza. Aliimba mara moja tu, akatema damu. Kaseti ikawa hiyo moja, nikapewa mimi kwa kuwa redio kubwa ilikuwa yangu.

Siku ya fainali, kaseti i mkononi, yule mpiganaji wa kwenye kioo cha mashine, mwenye kifua wazi, akatoa mkono nje, akainyakua, akarudi nayo ndani.

Hayo nimeyasimulia barazani miaka saba.

Juzi alasiri jirani yangu Khatibu akanichoka. "Mohdhar, hata hayo mashindano hayakuwako. Lete ushahidi. Ukiwa mwongo, kahawa ya baraza zima juu yako."

"Shemeji, leo utaumbuka!" Mwanaima akanitania. Huyo ndiye mjane wa Ghalib. Hukaanga viazi pembeni mwa baraza letu.

Nikaenda nyumbani, nikarudi na redio na kaseti. Siku ile mimi ndiye niliyetangaza mapambano, na nilijirekodi. Nikabonyeza.

"Mpige! Mpige teke! Mabwana, huyu kijana kala nini leo?"

Baraza likaangua kicheko. Khatibu akainua mikono, ameshindwa. Kwa kawaida huizima kaseti pale sauti yangu inapokoma. Nisipokuwamo mimi, nisikilize nini? Lakini siku hiyo mkono wangu ulikuwa kwenye kashata.

Kaseti ikalia *tk*. Kisha Ghalib.

"...fungua, Mwanaima, nimerudi, maisha yamebaki mamoja..."

Mwanaima akasimama na upawa mkononi. Viazi vikaungua, hakuna aliyemwambia. Ubeti mmoja na nusu, kaseti ikaisha.

"Rudisha nyuma," akasema.

Nikarudisha. Ikawa sauti yangu.

"Zaidi."

Yangu tena.

"Zaidi, shemeji."

Nikarudisha hadi mwanzo kabisa wa kaseti. Mpige teke.

"Nilitaka kujisikia nikitangaza," nikasema. "Nikadhani nimeigeuza upande mtupu. Kabla ya fainali nikaitoa, nikaona mwandiko wa Ghalib unanitazama: ndio upande wa wimbo. Nikaibandua karatasi yenye mwandiko huo, nikasema kaseti imeibwa."

"Miaka miwili, mpaka anakufa, hana sauti, alikuwa akikuandikia kwenye daftari: kaseti imepatikana?" Mwanaima akauliza.

"Naam."

"Nawe ukimjibu nini?"

"Inshallah."

Sikungoja kudaiwa. Nikamwita muuza kahawa, nikalipia baraza zima, naye akamimina kikombe kwa kikombe. Hakuna aliyekunywa. Kisha nikaibeba redio, na kaseti ndani yake, nikaiweka kando ya karai la Mwanaima.

Nilikuwa nimefika mlangoni kwangu nilipomsikia akibonyeza. Nikajisikia huko nyuma, napiga kelele za teke na ngumi, dakika nenda dakika rudi. Ningeweza kumwelekeza kibonyezo cha kupeleka mbele. Nikasimama tu, mkono kwenye komeo, na Mwanaima kule ananisubiri nimalize.