Rundo Nyuma ya Jiko

Kinyozi hajinyoi. Kama huamini, panda hadi nyumbani kwa kina Nyongesa, juu kidogo ya Kimilili, uone waashi wa vizazi vitatu wanavyoishi. Kitale imejaa mawe yao. Maduka, nguzo za malango, kanisa ambalo mnara wake haujapata ufa hata mmoja: yote hayo ni mikono ya mzee Sifuna, kisha ya mwanawe Makokha, kisha ya mjukuu wake Nyongesa, ambaye sasa ana miaka hamsini na minane na kifua kilichojaa vumbi la timbo la mawe. Wao wenyewe wamezaliwa katika nyumba za udongo, wameoa humo, na Sifuna na Makokha wametolewa humo kwenda kuzikwa.

Si kwamba hawakuwa na nia. Sifuna ndiye aliyeanzisha desturi kwamba kila lori likitoka timboni, jiwe moja lililo bora lishushwe nyumbani, nyuma ya jiko. Siku moja tutajenga, alisema. Makokha akaendelea kushusha, na alipomwoa Phelista alimwonyesha lile rundo kama wengine wanavyoonyesha ng'ombe. Nyongesa naye akashusha, mpaka mwaka juzi timbo lilipojaa maji likafungwa. Mawe mia nne na ushei. Lakini kila walipotaka kuanza ujenzi, kazi ya mtu ilitokea Kitale, na katika ukoo huo mteja ndiye aliyekuwa wa kwanza siku zote.

Mvua za Aprili ndizo zilizokata maneno. Jumapili moja, watu wakiwa kanisani, ukuta wa nyuma wa nyumba ya Phelista ulianguka. Bibi wa miaka themanini na mmoja akahamia jikoni kwake, kati ya kuni na kuku, kwa sababu mila hairuhusu mama alale katika nyumba ya mwanawe, na Phelista si mtu wa kubishana na mila. Alipokohoa, Nyongesa alimsikia toka nyumbani kwake, na aibu ikamla. Mama yake angeweza kufia pale jikoni, ubavuni mwa mawe mia nne aliyoahidiwa tangu akiwa bibi arusi.

Kwa hiyo mvua ilipotulia, Jumatatu moja, Nyongesa aliamka mapema, akafyeka majani juu ya rundo pamoja na bintiye Roselyne, anayeendesha pikapu na kupokea simu za wateja. Msingi wa nyumba mpya ya Phelista walikuwa wamekwisha kuumwaga wiki iliyotangulia. Nyongesa akachagua jiwe, akaweka tindo, akapiga.

Tindo likaruka, likatoa cheche. Akapiga tena. Kona ya jiwe ikakatika vibaya, ikadondoka.

"Baba, hii ni mawe kweli ama ni chuma?" Roselyne akauliza.

 Nyongesa alijaribu la pili, la tatu, la kumi. Kufikia saa sita alikuwa amefisha makali ya matindo manne na kuchonga mawe mawili. Alikaa chini akajitazama viganja. Alikuwa amejua tangu pigo la kwanza, ila moyo ulikataa.

Jiwe la huku hutoka ardhini likiwa laini. Ukilichonga wiki hiyo hiyo, linakatika kama muhogo. Ukiliacha juani na mvuani, linajifunga, na baada ya miaka halimsikii mtu. Hilo Sifuna alimwambia kila kijana aliyekuja kujifunza kazi, siku ya kwanza kabisa: samaki mkunje angali mbichi, na jiwe vilevile. Hakuna mwashi kutoka Bungoma hadi Kachibora ambaye hakulijua. Ila kuchonga ilikuwa kazi ya mteja. Mawe ya nyumbani yalishushwa bila kuchongwa, yangoje nafasi. Nafasi ndiyo haikuja. Nyongesa alimkasirikia babu yake, akamkasirikia baba yake, kisha akachoka hata kukasirika.

Simu ikalia. Alikuwa Wangui wa Kitale, mama wa Gathii, ambaye nguzo za lango lake zilikuwa zimefika nusu.

"Fundi, si unakumbuka wageni wangu wanakuja Jumamosi? Kesho utakuja, ama?"

"Nitakuja, Mama Gathii. Saa moja nitakuwa hapo." Maneno yalitoka yenyewe, kama yalivyotoka kwa miaka arobaini.

Alipogeuka, Phelista alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na fimbo yake.

"Zimekataa," alisema.

"Zimekataa, mayi," Nyongesa alimjibu mama yake.

"Hata baba yako zilimkataa. Ule mwaka wewe uliingia fomu wani. Alivunja tindo mbili, akafunika hizo mawe na majani, akanyamaza. Alionea haya watu. Ati fundi mzima ashindwe na mawe yake."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Kila siku mnatoka Kitale mmechoka."

Nyongesa aliinamisha kichwa. "Mayi, hizi haziwezi kutoa nyumba nzuri. Zitakaa ovyo ovyo. Watu watacheka."

Phelista alimtazama kama anayemtazama mtoto aliyerudi dukani bila chumvi.

"Nyongesa, mimi sikuomba nyumba nzuri. Niliomba nyumba."

Roselyne alikuwa wa kwanza kuinuka. Alichukua sepetu akaanza kukoroga mchanga na simiti bila kuambiwa. Nyongesa akatoa simu mfukoni. Hakuna aliyewahi kumkatalia mteja katika ukoo wao.

"Mama Gathii, kesho siji. Wiki hii yote siji. Ninajenga kwa mama yangu."

Wangui alifoka, naye Nyongesa akasikiliza mpaka mwisho. Akasema pole, akazima simu.

Walijenga mchana ule na mawe kama yalivyotoka ardhini, mengine na matumbo, mengine na pembe, yakijazwa vipande na simiti palipobaki nafasi. Mara kwa mara mkono wa Nyongesa ulikwenda kutafuta tindo wenyewe, akaurudisha. Ulikuwa ukuta mbaya kuliko wote aliowahi kuugusa. Jua lilipokaribia kuzama, safu ya pili ya mawe ilikuwa imezunguka pande zote nne, ikiwa imeachwa nafasi ya mlango.

Phelista alikokota kigoda chake kutoka jikoni. Hakupita juu ya mawe, ingawa yalimfika magotini tu. Alizunguka mpaka mlangoni, akaingia, akaketi katikati.

"Nyinyi endeleeni," alisema. "Mimi nimeshaingia."